Verdiane na Namba Inayofuata Saba

Watoto wanaosoma leo pale Kabingo, kwenye kilima inayoangalia Lushebere, wanaona matofali, wanaona bati inang'aa, wanafikiri masomo yao ilishuka toka mbinguni tayari na madirisha. Ilikuwa nyumba ya ng'ombe. Mimi nilikuwa pale. Muzungu wa pareto alikimbia mwaka wa uhuru, akaacha viatu zake za boti mulangoni na chai yake mezani, chai ingali moto. Najua ilikuwa moto juu mimi njo niliinywa.

Kisha akakuja Masera Emérence, mutawa wa kwetu, mufupi, mwenye sauti kubwa kuliko kengele yake. Akazunguka ile nyumba, akaziba pua, akasema: "Hapa njo tutaweka foyer. Wamama watajifunza kushona, kupima na kuhesabu." Tukasukuma mavi inje mpaka mabega ikalia. Ng'ombe wote walikubali kuhama, isipokuwa mumoja mweupe, mwenye kiburi ya muzungu wake. Kila siku alirudi, akasimama pahali pake kati ya mwanafunzi Adelaïde na ukuta mpaka kengele ya kutoka. Masera alichoka kumufukuza. Ule ng'ombe alijua Baba Yetu yote mpaka amina. Kushona tu njo kulimushinda.

Mimi sikusoma. Nilikuwa mupishi. Jiko yangu ilikuwa nyuma ya darasa, na mbao za ukuta zilikuwa na nyufa za kuingiza mukono, basi masomo yangu yote iliingia kupitia ufa, na moshi yangu ililipa kwa kupita njia ile ile. Yote nitakayowaambia juu ya Verdiane niliiona kwa ule ufa, ao niliisikia kando ya chungu yangu ya maharagi.

Verdiane alizaliwa ng'ambo ya mto, kwa watu wakulima wa maharagi na muhogo. Alikuwa murefu, shingo kama ya korongo, na akicheka anafunika kinywa utafikiri ameiba kitu ameficha mule. Alikuja kuolewa huku kwetu na Isidore, mutoto wa muzee Minani.

Mimi naweza kulitaja ile jina. Minani, Minani, Minani. Mimi hakuna aliyeniolea mule. Lakini Verdiane, hapana. Kwetu, bibi aliyeolewa hataji jina ya baba-mukwe wake, wala neno lolote linalofanana nayo. Kulikuwa dada moja pale Lushebere, mukwe wake aliitwa Semahoro. Basi hakuweza tena kusalimia watu na amahoro, amani, kama wote. Alikuwa anakuta watu njiani anasema: "Hamujambo? Hamupigane?" Watu wakajibu: "Bado, dada, tunakungojea wewe utuanzishe."

Na ulimi ukiteleza? Ule mwanamuke anatoka kwenye lupango, boma ya bwana yake, siku ile ile, anaenda kwa watu wake, na harudi mpaka wamemurudisha na pombe ya ndizi ya kuosha kinywa chake. Hakuna kubishana. Hata kama wewe mwenyewe mama-mukwe unamupenda kama macho yako, utamutoa.

Sasa angalieni taabu ya Verdiane. Mutoto wa nane kwa tumbo ya mama yake, kwa Kinyarwanda wanamuita Minani. Na sisi huku namba inayofuata saba tunaiita munane. Minani, munane: ni mutu na kivuli yake. Basi Verdiane alihesabu hivi: tano, sita, saba, "ile inayofuata," kenda, kumi. Kwa shamba haikumusumbua. Nani anahesabu maharagi? Unajaza kitunga, unaenda. Taabu ilianza siku Masera alimuwekea ile kamba ya kupimia nguo shingoni.

Lakini niwape kwanza habari ya Isidore.

Isidore alioa, akalima msimu mbili hivi, akasema anashuka Walikale kuchimba mawe ya bati kwa kampuni ya wazungu. Atarudi na ng'ombe. Akaacha bibi yake mikononi mwa mama yake, Mama Nyiramana. Kisha ikaanguka ile miaka mibaya. Ninyi munajua, na kama hamujui musiniulize: watu waliokopeshana jembe wakaanza kuchomeana nyumba. Daraja ya kwenda kwao na Verdiane ikachomwa, mto ukabaki peke yake. Njia ya Walikale ikajaa waaskari na vizuizi. Verdiane akabaki katikati, kama kuku chini ya kitunga: kwao hafike, kwa bwana yake hafike.

Vita ilipopoa, njia ya Nyabiondo ikafunguka kidogo, na Symphorien, shofere wa kamyo ya misioni, akaleta neno. Isidore yuko muzima. Udongo ulimuangukia kwenye shimo, mguu ukavunjika, ukaunga vibaya. Hawezi kupanda milima tena. Anapikiwa na watu. Anaomba bibi yake amufuate.

Verdiane alikuwa anachambua maharagi. Akasimama, maharagi yote chini.

"Mama," akamwambia Nyiramana, "nifunge mizigo?"

"Mizigo ya wapi?"

"Isidore ananiita."

"Isidore aliondoka na miguu yake. Arudi na miguu yake."

"Mama, si umesikia mguu..."

"Nimesikia. Mguu mumoja ungali muzima, ao hapana? Aruke." Kisha akainama kuokota ile maharagi, sauti ikamupunguka. "Wewe ukienda, mutoto wangu atakuwa na nini tena huku ya kurudia? Utatoka mu hii lupango siku Isidore atasimama hapa mulangoni kukuchukua. Ile siku nitakubebea mizigo mimi mwenyewe."

Musimuchukie Nyiramana. Watoto wengine wote alikuwa amezika. Alimushika Verdiane kama mutu anavyoshika kamba ya mbuzi: si mbuzi anayeitaka, anaogopa kamba ikibaki tupu. Lakini aliyefungwa na ile kamba alikuwa na shingo, na mimi niliiona ikikonda.

Kwenye foyer alimuruhusu aende juu ya kitu kimoja tu: Masera alikuwa anagawia wanafunzi sabuni na maziwa ya unga. Nyiramana aliipenda ile maziwa kuliko sakramenti. Lakini hakumuacha aende peke yake. Alikuja naye, akaketi kwenye jiko yangu, macho kwenye mulango ya darasa, mukono kwenye chungu yangu.

"Mama Nyiramana," nilimwambia siku moja, "unamulinda bibi ya mutoto wako ao unalinda maharagi yangu?"

"Nalinda yote mbili. Hii haina chumvi."

"Chumvi ulikula jana."

Ndani, Verdiane alishona kama mutu anayekimbizwa. Mashini ilikuwa moja, ya kukanyaga na miguu, tena ilikuwa na hasira: mara moja ilishona kidole ya Adelaïde pamoja na sketi ya mama wa katekista, na wote wawili walienda misa wamefungana hivyo, mumoja mbele mumoja kando. Kwa Verdiane ile mashini ilikuwa mwanakondoo. Kukata, kupinda, kutia vifungo, hakuna aliyemufikia. Ni kupima tu.

"Urefu wa mukono?" Masera anauliza.

"Makumi tano na ile inayofuata saba, Masera."

"Sema munane!"

Verdiane anaangalia chini. Mimi nyuma ya ufa, Nyiramana kando yangu anaacha kutafuna, anasikiliza.

Masera hakuwa mujinga. Akamwambia polepole: "Sema kwa Kifaransa basi. Sema *huit*." Verdiane akafurahi, akasema *huit*, *huit*, mwepesi kama ndege. Kurudi nyumbani Nyiramana akauliza: "Ile witi unaimba mule ni nani?"

"Si mutu, Mama. Ni namba."

"Namba gani?"

Verdiane akaharakisha miguu.

"Ah! Ni yeye! Unamutaja kwa Kifaransa! Unafikiri juu amezeeka hana sikio ya kizungu?" Na witi ikafungwa pia.

Basi wanafunzi wenyewe wakamutafutia njia. Adelaïde, ule wa kidole, akasema: "Tumuite Muzee." Na kweli: tano, sita, saba, Muzee, kenda. Kiuno makumi saba na Muzee. Vifungo Muzee. Ilianza kama kumuhurumia Verdiane, ikabaki kama muchezo, kisha foyer nzima ikasahau kwamba namba ile iliwahi kuwa na jina ingine. Ilishuka mpaka soko ya Lushebere. Mama moja alinunua mayai "Muzee," muuzaji akamwambia yenye kuzeeka hana, yote ilitagwa leo asubuhi.

Na muzee Minani mwenyewe? Alikuwa anasikia. Alikuwa muzee mukimya, na koti ya mvua ya ule muzungu wa pareto, hata jua ikiwaka. Verdiane njo alimuletea maji ya kunawa, Verdiane njo alimuwashia tumbako. Hawakuongea mingi. Mara moja nilimupa kibiriti, nikamuuliza: "Muzee, wanafunzi wanakuhesabu kila siku pale juu, unajua?" Akavuta moshi. "Nasikia," akasema. "Nimeongezeka sana."

Hapo njo ilikuja habari ya inspecteur, mukaguzi wa masomo.

Ilikuwa mwaka wa sitini na saba, kama sikosei, na nikikosea shauri yangu. Masera akakusanya wanafunzi, akawaambia serkali inataka kuinua foyer iwe masomo ya kweli, yenye jina, yenye kutoa brevet, cheti ya serkali. Inspecteur atatoka Goma. Kila mwanafunzi atapima, atakata, atajibu kwa kinywa. Anayepita ule mutihani anaweza kufundisha. Na misioni ya Walikale inafungua foyer yao, inaomba monitrice moja, mwalimu mwanamuke. Kamyo ya Symphorien itamuchukua siku ile ile, juu njia haijulikani itafunguka tena lini.

Nilikuwa nimetia jicho kwenye ufa. Niliona Verdiane ameshika ile kamba ya kupimia kwa mikono mbili, kama mutu anayevuka mto.

Jioni akakuja jikoni kunisaidia kuosha vyungu. Nyiramana alikuwa ametangulia na maziwa yake.

"Dada Emérita," akaniambia, "nikikosa hii, nitazeekea mule."

"Utapita. Wewe unashona kuliko Masera."

"Na akiniuliza ile?"

"Namba ni mingi. Kwa nini akuulize ile tu?"

Akacheka, akafunika kinywa. "Mule ndani ya kinywa yangu kuna mulango," akasema, "na mulango ule njo umefungwa, na mimi njo niko inje yake. Ao ndani yake. Sijui tena."

Mimi nikamwambia asifikiri mingi, apanguse chungu. Ningejua ningemujibu vizuri. Lakini mimi ni mutu wa chungu.

Inspecteur Léonard akafika. Mwembamba, suruali imenyooka kama imepigwa rula, viatu hata tope ya huku kwetu Masisi iliogopa kuvigusa. Wazee wa kila lupango walialikwa. Walipangwa mbele kwenye viti: muzee Minani na koti yake, Mama Nyiramana kando yake na kitambaa mupya. Hata ule ng'ombe mweupe alikuja, akasimama pahali pake, na inspecteur akauliza kama naye ameandikishwa.

Ikaanza vibaya. Adelaïde aliitwa wa kwanza.

"Hesabu mpaka kumi," inspecteur akasema.

"Moja, mbili, tatu, ine, tano, sita, saba, Muzee..."

"Nani?"

"Muzee, Papa Inspecteur."

"Muzee njo nini?"

Na Adelaïde, mwoga ule, badala ya kusema namba, akanyoosha kidole kile kile cha mashini, akamuonyesha muzee Minani kwenye kiti. Watu wakacheka mpaka bati ikatetemeka. Inspecteur hakucheka. Aliita wa pili, wa pili akasema Muzee. Wa tatu hivyo hivyo: ulimi ulikuwa umezoea. Inspecteur akafunga kalamu yake.

"Masera," akasema, "unaniomba niandike kwamba hapa kuna masomo. Naona nyumba ya ng'ombe, na ng'ombe yuko, na wanafunzi hawawezi kufika kumi. Nitaandika nini Goma?"

Masera akawa mufupi zaidi. "Papa Inspecteur, ni desturi ya mumoja tu, wengine waliigiza. Wataje, mutasikia." Akageukia wanafunzi, macho ya moto: "Namba inayofuata saba!"

"Munane!" wote wakalia.

Wote, isipokuwa kinywa kimoja. Na ule Léonard alikuwa na macho.

"Wewe, murefu. Jina?"

"Verdiane."

"Wewe hukusema. Njo ni wewe uliyefundisha wengine kukosa?"

"Ni mimi."

"Vizuri. Kuja. Nipime mimi mwenyewe. Kifua."

Akavua koti yake, akainua mikono. Verdiane akamuzungusha kamba. Mungu naye ana michezo yake. Mutu ule angeweza kula viazi zaidi ile asubuhi. Angeweza kuvuta pumzi. Mimi sijui kusoma, lakini nilimuona Verdiane akisoma ile kamba, nikaona rangi ikimutoka usoni kama maji kwenye kitambaa inayokamuliwa. Akasoma tena. Akalegeza, akakaza. Baadaye aliniambia: makumi munane na munane. Mara mbili! Muzee Minani amesimama ndani ya kifua ya inspecteur, yeye na ndugu yake.

"Ngapi?" inspecteur akauliza.

Nje ukungu ulikuwa umepanda mpaka mulangoni. Symphorien alikuwa ameshawasha kamyo, injini yake inanguruma, juu ya mulima wa Nyabiondo mvua inatisha.

"Ngapi, mama? Hujui kusoma ao unanichezea?"

"Najua."

"Basi sema, ao niandike sifuri kwako na sifuri kwa hii masomo yote."

Nyiramana alikuwa amekamata ubao wa kiti. Midomo yake ilikuwa inasema bila sauti: hapana, hapana, hapana. Sikujua kama anamukataza ao anamuombea.

Verdiane akainua kichwa. Hakumuangalia inspecteur. Alimuangalia mukwe wake, muzee Minani, usoni, kitu ambacho bibi ya mutoto hafanyi, na kinywa hakufunika.

"Makumi munane," akasema. Akameza mate. "Na munane."

Yesu wangu! Mpaka ng'ombe akaacha kucheua. Léonard peke yake hakujua kitu kilichovunjika. Akaangalia kamba, akaandika. "Njo hivyo," akasema. "Ilikuwa kazi nguvu hivyo kuisema?"

Na Verdiane, kana kwamba mulango uliofunguka hautaki tena kufungwa, akaendelea kupima bila kuombwa. "Mukono, makumi tano na munane. Mugongo, makumi ine na munane." Hapo sijui tena. Mutu gani anapimika munane kila pahali? Mimi nasema alikuwa anadanganya, na ni uongo mutamu kuliko yote niliyosikia, na mimi nimeisema mingi.

Nyiramana akalia: "Amemutaja! Amemutaja mbele ya watu! Amemurudia!"

Muzee Minani akasimama. Polepole, na ile koti yake. Watu wakampa njia. Akageuza uso akaangalia ukuta, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Wengine walisema ni hasira, wengine ni kilio. Ukuta ule ulikuwa ule wa nyufa, na mimi nilikuwa upande ingine. Niliona uso wake karibu kama ninavyowaona ninyi. Ule muzee alikuwa anacheka, na machozi yanashuka kwenye ndevu.

Akakausha uso, akajitengeneza kali, akageuka.

"Ameniita jina," akasema. "Desturi mnaijua. Hawezi kulala kwangu leo."

"Aende wapi?" Nyiramana akasema. Sasa alikuwa analia kweli. "Daraja ya kwao hakuna! Muzee, aende wapi?"

"Mimi nimesema alale wapi? Nimesema si kwangu." Kisha, kama mutu anayeuliza habari ya mvua: "Ile kamyo inaenda wapi?"

Kamyo ilikuwa inajibu.

Nyiramana alimutazama bwana yake, akamutazama Verdiane. Alielewa. Alikuwa mutu wa akili. Alisimama, akaenda nyumbani, na mimi nikafikiri basi, amemukana. Lakini kabla ya Symphorien kufunga mulango ya nyuma, tulimuona anapanda kilima na mizigo kichwani: mukeka, chungu, kitunga ya maharagi. Alikuwa amesema atambebea, akambebea. Akaiweka mule kamyo.

"Umukute Isidore," akasema. "Umwambie mama yake anapika kila siku ya kumutosha."

"Nitamwambia, Mama."

"Na ufunge kinywa ile. Uliyosema leo inatosha mwaka."

Kamyo ikaingia kwenye ukungu. Verdiane alipita, masomo ikapita, Adelaïde akakosa, ng'ombe naye. Alimukuta Isidore kule Walikale, mguu umepinda, moyo umenyooka. Walizaa kule. Muzee Minani alikufa kabla watu wa Verdiane kuleta ile pombe ya kuosha kinywa, maana daraja ilikawia. Basi kinywa yake haikuoshwa.

Alifundisha foyer ya Walikale mpaka nywele ikawa nyeupe. Symphorien aliniambia, na Symphorien ni muongo lakini si kama mimi: alipita pale mara moja, akasikiliza dirishani. Wanafunzi walikuwa wanahesabu wote pamoja, tano, sita, saba, kisha wananyamaza, wanameza mate, njo wanasema munane. Hakuna aliyewaelezea. Walifikiri njo namna namba ile inatajwa. Mwalimu wao, kila akiifika, alikuwa anasimama kidogo hivyo, kama mutu aliye mbele ya mulango ya mukwe wake, anangoja aambiwe ingia.